Hereni Hazing'olewi

Watu wa Ifakara wakimzungumzia Restuta husema alikuwa mkaidi, kisha hucheka kidogo kana kwamba wameshamaliza habari yake. Mimi sijamaliza. Nilikaa naye ukuta kwa ukuta pale mtaa wa Lipangalala kwa miaka kumi na moja, asubuhi nikifundisha darasa la nne, jioni nikisikia panga lake likikata vijiti vya kupanda, na kila nikilisikia neno hilo mori hunipanda. Mtu anayeijua kazi yake akikataa kuambiwa uongo juu ya kazi hiyo, ukaidi uko wapi hapo?

Nitamwita kwa jina lake. Mtaani alikuwa Mama Hilari, kwa ajili ya mwanawe wa kwanza, na kwenye barua ya kumfukuza kazi waliandika "mtunza bustani" tu, kama vile mtu anavyoandika ufagio au ndoo. Alizaliwa Lupiro, ng'ambo ya mto. Aliolewa mbali, Muheza, kwenye mashamba ya machungwa, na ndoa hiyo haikufika popote. Alirudi na mtoto mmoja, sufuria mbili, na ujuzi wa kubebesha miche: kukata kijiti cha mchungwa mtamu, kukichomeka kwenye shina la mlimau mkali, kufunga na kusubiri mpaka viwili viwe mti mmoja. Huku kwetu hakuna aliyeuhitaji ujuzi huo. Sisi ni watu wa mpunga. Basi akapata kazi ya bustani kwenye gesti ya Mama Aurelia, mjane wa mfanyabiashara wa mchele, na huko ndiko alikopanda safu yake.

Safu hiyo lazima niieleze, maana ndiyo maneno yote. Ilianzia getini, ikafuata uzio mpaka jikoni, mashina thelathini na moja ya ua ambalo yeye aliliita hereni. Mama yake ndiye aliyemkatia kijiti cha kwanza kule Lupiro, akakizungushia kitambaa kibichi, na Restuta akakivusha mto kwa mtumbwi kwa sababu siku hiyo pantoni ilikuwa mbovu. Mwaka uliofuata mama alifariki, na mbuzi wa jirani wakautafuna ule mti wa Lupiro mpaka chini. Kwa hiyo mashina yale ya gesti, yote yaliyotoka kwenye kijiti kimoja, yalikuwa ndiyo yaliyobaki duniani kutoka mikononi mwa mama yake. Hakupenda kulisema hilo. Mimi aliniambia mara moja tu, tukichambua mchele.

Wengi mnaijua haibiskasi nyekundu, ile ambayo watoto wangu wa darasa la nne huchuma petali zake na kusugulia viatu vikang'aa kabla ya paredi. Inasimama. Petali zake ni pana na nzima, inakutazama usoni kama mgeni aliyekuja kupigwa picha. Hereni ni ndugu yake, lakini ndugu wa tabia nyingine. Inaning'inia kwenye kikonyo kirefu chembamba, uso chini, petali zimechanikachanika na kujikunja juu, na katikati unashuka uzi mrefu wenye chavua nchani. Ukitaka kuiona sura yake lazima uiname. Majani yake ni madogo kidogo, matawi yake ni membamba na hujipinda, lakini likiondolewa ua, wengi wetu hatuwezi kuwatofautisha. Nami nilikuwa mmoja wao. Siku moja nilikuta katika kitabu cha maktaba ya chuo fulani kwamba ile nyekundu, tunayoiita ya kisasa, asili yake ni Uchina, na hii inayoning'inia ni ya misitu ya Afrika Mashariki, yetu kabisa. Nilikimbia kumpelekea Restuta habari hiyo nikidhani nitamfurahisha. Alisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kupalilia.

"Mimi nilijua ni ya kwetu, Mwalimu," akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa unasubiri kitabu."

Mwaka 1997 Mama Aurelia alimleta mtoto wa dada yake, Osward, awe meneja. Alikuwa ametoka kwenye kozi ya hoteli Dar es Salaam, kijana nadhifu, viatu vyake vilikuwa vinang'aa bila msaada wa petali yoyote. Simchukii. Alikuwa na bidii, na shuka za gesti zilikuwa safi kuliko zamani. Ila alikuwa na ugonjwa wa kudhani kwamba kitu asichokijua hakina mwenyewe.

Wiki ya kwanza aliipitia safu ya hereni na kuona maua yote yametazama chini. Akamwita Restuta na kumuuliza kwa nini ameyaacha mpaka yamenyauka. Restuta akamweleza kwamba ndivyo yalivyo. Osward hakusadiki, akaamuru yamwagiliwe asubuhi na jioni. Kwa wiki mbili wageni wa gesti waliruka madimbwi kwenda kuoga, na maua yakaendelea kutazama chini kama kawaida yake. Mtu mwingine angecheka na kuomba radhi. Osward alinuna, na tangu hapo akaitazama safu ile kama mtu aliyemwaibisha mbele za watu.

Septemba alikuja na mpango. Gesti ingejengewa jengo jipya, litafunguliwa mwaka utakaofuata mbele ya wageni kutoka mkoani, na mbele ya jengo alitaka maua yenye hadhi. Aliagiza kutoka Morogoro miche kumi na miwili ya haibiskasi nyekundu, ile ya maua makubwa kama sahani. Kuhusu safu ya zamani, amri ilikuwa fupi: ing'olewe na mizizi yake. Alisema ua halisi linasimama, na kwamba kile kinachoning'inia ni kichaka.

Restuta alikata matawi. Alikata shina moja baada ya jingine, kimo cha goti, kwa uangalifu kama anayemnyoa mtu. Kisha akalirudisha panga stoo, akaenda ofisini na kusema mizizi hatoing'oa. Alipoulizwa sababu alijibu kwamba aliajiriwa kupanda. Osward aliandika barua hapohapo. Niliisoma mimi kwa macho yangu: mtunza bustani ameachishwa kazi kwa kukaidi amri ya kuondoa vichaka visivyo na hadhi ya gesti. Restuta aliikunja mara nne, akaiweka ndani ya kopo la chumvi, na kesho yake akaanza kuuza miche ya maua kando ya barabara, kwenye makopo ya rangi na mifuko ya nailoni. Nilimuuliza kama hana hofu. Akasema hofu anayo, tena nyingi, lakini si ya Osward. Alihofia visiki.

Visiki viliokolewa na uvivu wa binadamu, naushukuru mpaka leo. Damiani na Fulgensi, vibarua wawili waliopewa kazi ya kuving'oa, walihangaika siku nzima na kimoja tu, wakamwambia meneja wangoje mvua ilainishe udongo. Vikabaki thelathini. Miche myekundu ikapandwa mbele yake, upande wa chini, na Osward akaagiza kila mche uzungushiwe mahali pa kutuama maji, maana alikuwa bado anaamini kwamba ua ni maji.

Sasa wale wawili wamelima mpunga tangu wangali wadogo. Mtu wa bonde la Kilombero ukimwambia atengeneze mahali pa kutuama maji, anajua njia moja tu. Walikanda udongo mweusi wa mfinyanzi, wakainua kingo, wakazishindilia kwa visigino mpaka haziwezi kuvuja hata tone. Yakawa majaruba kumi na mawili, mazuri, yamenyooka, ya kuweza kumpendeza mkulima yeyote, na katikati ya kila moja ua jekundu la Uchina. Ungeweza kupanda mpunga humo na kuvuna.

Restuta aliyaona kutoka barabarani. Alisimama getini akawaambia Damiani na mwenzake watoboe kingo hizo kabla ya mvua, kwamba mizizi ya ua hilo haiwezi kukaa majini, na ndiyo maana yeye aliipanda safu yake juu ya tuta. Osward akatoka na kumkumbusha kwamba geti lile ni la wageni. Restuta alirudia maneno yote tangu mwanzo, polepole, ili pasiwepo wa kusema hakusikia, kisha akaenda zake.

Mvua za mwaka ule hakuna asiyezikumbuka. Redioni waliziita Elinino. Zilianza kabla ya Krismasi na hazikujua kuacha. Mto ulipanda, Lupiro na Malinyi zikawa mbali kama nchi nyingine, na shule yangu ilifungwa wiki tatu kwa sababu madarasa yalikuwa na vyura. Majaruba ya gesti yalijaa mpaka ukingoni na hayakuvuja, kwa kuwa yalijengwa na mafundi. Februari majani ya miche yakageuka manjano. Machi yakaanguka. Ilipofika Aprili kumi ilikuwa imeoza kuanzia chini, inanuka, na miwili iliyobaki ilikuwa na uhai nusu nusu kwenye matawi ya juu. Nyuma yake, juu ya tuta, visiki thelathini vilikuwa vimechipua vyote.

Mei, njia zilipokauka, Mama Aurelia alikuja mwenyewe Lipangalala. Restuta alimwamkia shikamoo, akampa kiti, akampa chai, hakumpa urahisi. Yule mama alizunguka sana kabla ya kufika. Alizungumzia bei ya saruji, magoti yake, wageni wa mkoani watakaokuja Novemba, na jinsi alivyokwisha kuwaambia habari za maua makubwa kama sahani. Mwishowe akauliza kama kuna namna.

Namna ilikuwepo. Restuta alisema atakata vijiti kwenye ile miwili iliyosalia na kuvibebesha kwenye visiki vya hereni, kwa sababu mizizi ile imeshatulia mahali pake na imeshathibitisha kwamba mvua haiiwezi. Lakini visiki visiguswe na mtu. Mama Aurelia akakubali haraka, haraka mno kwa maoni yangu.

Nilikwenda kumtazama akiifanya kazi hiyo. Alikuwa na wembe mpya na vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Alikipasua kisiki katikati, akakichonga kijiti cha ile nyekundu kikawa na ncha bapa, akakipenyeza taratibu mpaka gome likutane na gome, akafunga kwa mpira, akafunika na nailoni. Vijiti vizima vilivyopatikana vilitosha visiki saba tu, vile vya karibu na geti. Vyote saba vilishika. Chini ya kila kiungo aliacha chipukizi moja la hereni likue sambamba na mgeni wake. Nilimwambia nilisoma kwamba machipukizi ya chini ya kiungo hukatwa. Akasema na yeye alifundishwa hivyo Muheza, na kwamba ukiyaacha lazima uyapogoe kila wiki yasimmeze mwenzake, na yeye atayapogoa kila wiki.

"Aliyembeba mwenzake mgongoni," akaniambia, "naye ana haki ya kuonekana uso."

Mashina ishirini na matatu mengine aliyaacha yakue kama yalivyokuwa.

Oktoba ikafika, na Osward akaona. Hakuwa mjinga. Alijua kwamba kwenye kila shina la getini kuna matawi ya aina mbili, na alitaka moja. Akamwendea mama yake mdogo, akamweleza kwamba wageni watakuta vichaka vimechanganyika na maua, kwamba mizizi sasa imeshafanya kazi yake, kwamba machipukizi yakatwe na mashina yale mengine yang'olewe kabla ya wiki ya mwisho. Mama Aurelia alitoka na Osward mpaka getini, akamwita Restuta. Mimi nilikuwepo kwa sababu ilikuwa Jumamosi na kwa sababu nina umbea, nakiri.

Yule mama alianza kusema kwamba labda, kwa ajili ya siku ile moja tu. Restuta hakumwachia amalize. Sijawahi kumsikia akimkatiza mtu mzima kabla ya hapo wala baada yake.

"Shikamoo mama, unisamehe," akasema. "Meneja aliandika kwamba hili ni ua na hili ni kichaka. Mashina haya nimeyapogoa wiki mbili zilizopita, hayana tumba hata moja. Anionyeshe kwenye kila shina, kichaka ni tawi lipi. Akipatia yote saba, nitakata mwenyewe, na hayo ishirini na matatu nitayang'oa kwa mikono yangu leo hii. Akikosea, barua yake anaifuta, na safu haiguswi tena."

Nilijua safu ile ni nini kwake, nikamwona ameiweka yote mezani kwa mara moja. Mama Aurelia alimtazama Osward. Osward alicheka, akasema hata mtoto anaweza, akapita kwenye mashina akiwa wima, mikono nyuma, akitazama majani. Kwenye shina la kwanza alionyesha tawi jembamba lililojipinda. La pili alisita, akaonyesha. Alikwenda hivyo mpaka la saba. Hakuinama hata mara moja. Angeinama angeliona kovu la kiungo chini ya majani, nene kama fundo la kamba, na kovu lingemwambia kila kitu.

Restuta hakusema amepatia au amekosea. Alikuwa na uzi mweupe wa kushonea magunia, akakata vipande saba, akapiga magoti na kufunga kila tawi lililoonyeshwa, chini kabisa, karibu na shina. Akasema tungoje tumba.

Jioni nilimkuta amekaa nyuma ya nyumba. Nikamuuliza itakuwaje kama kijana amepatia. Akasema atang'oa, alishasema. Nikamuuliza tena, kwa hasira sasa, kwa nini alihatarisha mikono ya mama yake kwa ajili ya kumshinda meneja. Akanigeukia.

"Miaka kumi na minne nayaokota maneno yao, Mwalimu. Kichaka, gugu, kimenyauka. Kama hawezi kulitofautisha na analolisifu, basi alikuwa hatukani ua. Alikuwa ananitukana mimi. Nilitaka mama yake mdogo alione hilo."

Siku zilipita tisa, kumi, kumi na moja. Kila asubuhi nilipita getini nikienda shule, na nawaambia wazi kwamba nilisali kwa ajili ya tumba za maua, jambo ambalo padri angeniuliza kama angelijua. Siku ya kumi na tatu yalifunguka. Shina la kwanza: uzi mweupe chini, na juu ya tawi lenye uzi, jembamba kwa sababu tu lilikuwa bado changa, ua jekundu kubwa kama sahani, limesimama, linatutazama usoni. Pembeni yake hereni mbili zinaning'inia huru, hazina uzi. La pili vilevile. Kati ya mashina saba, matano meneja alikuwa ameliita ua lake mwenyewe kichaka. Mawili alipatia.

Habari ilienea mpaka sokoni. Damiani alikuja kutazama, na Fulgensi, na wanawake wa kisimani, na hakuna aliyecheka kwa sauti kwa sababu Mama Aurelia alikuwa amesimama pale na mkongojo wake. Alitazama shina moja moja. Alipofika kwenye la mwisho aliinama, pamoja na magoti yake mabovu, akalishika ua la hereni kwa vidole viwili na kulitazama uso wake kwa mara ya kwanza katika miaka yote ambayo lilikuwa linaning'inia getini kwake. Kisha akamwambia Osward aandike barua nyingine. Restuta akaisoma palepale, kila mstari, akaikunja mara nne.

Siku ya tatu kabla ya ufunguzi Mama Aurelia alitoa agizo dogo. Nyuzi zile zitolewe, zinaleta maswali. Restuta alikuwa amerudi kazini, ameshika jembe. Akasema nyuzi alizifunga yeye, lakini kwa kidole cha meneja, na atakayezifungua ni mwenye kidole.

Nilidhani Osward ataondoka kwa hasira. Haki yake nimpe: hakuondoka. Alikunja suruali yake ya kitambaa, akapiga magoti kwenye tuta mbele ya shina la kwanza, akayapekua majani. Fundo la uzi wa gunia ni gumu kufungua. Alihangaika nalo, kisha mikono yake ikatulia. Alikuwa ameliona kovu.

"Mama Hilari," akasema bila kuinua kichwa, "hapa ndipo ulipounganisha?"

"Hapo."

"Panaonekana kabisa."

"Palionekana na siku ile," Restuta akasema, akaendelea kulima.

Osward alikaa kidogo pale chini, hereni zikiwa zinamgusa sikio. Halafu akasogea kwenye shina la pili.